Picha za wanyama zinatoka na ukungu? Anza na spidi

Majuzi nilikuwa hifadhi ya Ruaha na mdogo wangu, katoka Mbeya na kamera ya mtumba. Siku ya kwanza kapiga picha kama mia nne, usiku tunaziangalia pale kijijini Tungamalenga, jirani na hifadhi, zinazoeleweka hazifiki kumi. Akanuna kabisa. Nikamwambia dogo tulia, hata mimi nilipitia huko.

1. Nenda kiangazi, Juni mpaka Oktoba. Majani yamepukutika, maji yamebaki madimbwi tu kwenye mto Ruaha Mkuu, tembo wanachimba mchanga kuyatafuta, wewe kazi yako ni kuwasubiri. Masika nyasi ndefu, utarudi na picha za masikio.

2. Lenzi ya kuvuta ya milimita 70-300 inatosha, usiuze shamba. Na usiibadilishe garini, vumbi la kule halina huruma.

3. Spidi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga: 1/125 ni sehemu moja ya 125 ya sekunde. Hapa ndo nililiwa mwaka mzima aisee. Picha zote zilikuwa laini laini, nikajua lenzi mbovu, nikampelekea fundi, akanilipisha halafu akasema haina shida, kumbe nilikuwa napiga 1/125 huku nimevuta mpaka 300. Ukivuta 300 usishuke chini ya 1/500, hasa hizi kamera zetu za sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga). Lakini hiyo inatibu mtikisiko wa mkono wako tu, mnyama naye anatembea! Tandala anayekunywa maji 1/500 inamtosha, swala akikimbia panda 1/1000, ndege anayeruka 1/2000. Sasa alfajiri mwanga mdogo, kwa spidi hizo picha inakuwa giza, so pandisha ISO (kiasi kamera inavyohisi mwanga), 1600, hata 3200. Watu wanaogopa chengachenga zinazotokea kwenye picha ISO ikipanda, mimi nasema ziache, chengachenga utazipunguza kwenye kompyuta ila picha iliyotikisika hakuna wa kuinyoosha. Rahisi zaidi chagua spidi mwenyewe, ISO iache ijipange yenyewe, ila iwekee kikomo.

Kuna ruhusa moja: simba kalala, jioni, unaweza kushuka mpaka 1/125, ila kamera iwe imelala kwenye kitu na injini IMEZIMWA. Dereva wetu alikuwa anaiacha inaunguruma, Land Cruiser ya dizeli, gari zima linatetemeka. Mwombe dereva kwa adabu, na wa siti ya nyuma aache kutafuta karanga. Cha kulalia kamera shona kifuko, tia maharage kilo mbili, weka dirishani. Tripodi ndani ya gari ni mzigo tu, mimi yangu ipo nyumbani inaanikia nguo.

4. Fokasi tumia kidoti kimoja, kiweke kwenye jicho. Ukiiachia kamera ichague itachagua kijiti kilicho mbele.

5. Usivae nyeusi wala bluu, mbung'o wanazipenda. Dogo alikuja na jinzi ya bluu, picha zake za mchana wa pili zilitikisika tena na safari hii spidi ilikuwa sawa kabisa.