Somo: Uko kidato cha tatu na unataka jeshi? Anza kuhesabu sasa

Somo hili ni la kijana aliye kati ya kidato cha pili na cha sita anayesema "mimi nikimaliza naenda jeshini", na la mzazi anayemsikia akakosa la kujibu. Mimi ni mwalimu wa malezi na ushauri. Vijana wanaokuja ofisini kwangu huanza kuuliza mshahara, kisha vyeo, kisha kama ni kweli kuruta hupigwa. Mambo yanayoamua hatima yao hawayaulizi kabisa: umri wao, ufaulu wao, na majina yao kwenye makaratasi. Nitazungumzia Tanzania tu. Wenzetu wa Kenya wana utaratibu wao wa kwenda uwanjani siku ya usaili.

Hatua ya 1: Sema ni jeshi gani

Kwetu neno "jeshi" limebeba mizigo mingi. Kuna JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania), jeshi la ulinzi lililoundwa Septemba 1964 baada ya maasi ya askari wa Tanganyika Rifles mwezi Januari mwaka ule. Kuna JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), iliyoanzishwa Julai 1963, ambayo ni mahali pa kulea vijana. Ukimaliza muda wako huko unaweza kurudi nyumbani bila ajira yoyote. Kisha kuna Polisi, ambao askari wao hufundishwa Moshi, halafu Magereza, Uhamiaji, Zimamoto na Uokoaji, na siku hizi Jeshi la Uhifadhi linalolinda hifadhi zetu za wanyama na misitu. Zanzibar ina idara zake maalum kama KMKM (kikosi cha kuzuia magendo) na JKU (jeshi la kujenga uchumi).

Mwanafunzi mmoja alinishikilia kwamba anataka JWTZ. Nilipomdadisi anajiona akifanya nini akiwa na miaka 30, akaeleza maisha ya askari wa hifadhi: porini, doria, kufuatilia nyayo za majangili. Huyo njia yake inapita Pasiansi, Mwanza, kwenye chuo cha askari wa wanyamapori, wala si Monduli, kwenye chuo cha maafisa wa JWTZ. Chukua daftari, andika kazi unayoitaka kwa sentensi mbili bila kutaja sare. Ukishindwa, bado hujajua unataka jeshi gani.

Hatua ya 2: Hesabu umri wako kurudi nyuma

Hapa ndipo vijana wengi hupoteza nafasi bila kujua.

Matangazo ya JWTZ ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka mwombaji mwenye elimu ya sekondari awe na miaka 18 hadi 24, mwenye stashahada asizidi 26, mwenye shahada asizidi 27. Madaktari bingwa wamekuwa wakipewa nafasi hadi 35. Karibu kila tangazo pia hutaka uwe umepitia JKT na una cheti chake. Sasa rudi kwenye matangazo ya JKT ya kujitolea (kujiunga kwa hiari, nitaieleza Hatua ya 5): aliyemaliza kidato cha nne amekuwa akitakiwa asizidi miaka 20, wa kidato cha sita asizidi 22. Umeona? Mlango wa JWTZ kwa mtu wa sekondari unafungwa ukiwa na 24, lakini mlango wa JKT unaokupeleka kule umeshafungwa miaka kadhaa kabla.

Aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 9 anakaribia 20 anapomaliza kidato cha nne. Akikaa nyumbani mwaka mmoja "akipumzika", mlango wa kujitolea kwa cheti cha kidato cha nne umempita. Hapo inabaki kwenda kidato cha tano na cha sita, au chuo. Aliyeanza na miaka 6 ana nafasi ya kutosha na hana sababu ya kukimbilia popote.

Chora mstari, andika umri wako wa kila mwaka mpaka 27, na chini yake andika utakuwa na cheti gani. Masharti hubadilika, kwa hiyo tangazo la mwaka wako ndilo lenye kauli ya mwisho.

Hatua ya 3: Askari au afisa?

Anayeingia kama askari hupita mafunzo ya awali, na wengi huyafanyia Kihangaiko kule Msata, mkoa wa Pwani. Baada ya hapo ngazi yake ni koplo usu, koplo, sajini, sajinitaji, hadi afisa mteule. Afisa hupita Monduli, hutunukiwa kamisheni na kuanza na cheo cha luteni usu, kisha luteni, kapteni, meja, na kuendelea.

Watoto hudhani afisa ni askari aliyekaa muda mrefu. Sivyo. Ni ngazi mbili tofauti, ingawa wapo wanaohama kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Wengi wanaopelekwa Monduli huteuliwa wakiwa tayari ndani ya jeshi, na kinachotazamwa pamoja na nidhamu ni elimu. Kwa hiyo ile daraja ya kidato cha nne unayoidharau leo ndiyo inayoweza kuamua kama miaka 10 ijayo utakuwa unapiga saluti kwanza au unaipokea.

Nasema hivyo bila kuwabeza askari. Sajini mzuri ndiye anayeifanya platuni isimame. Lakini chagua ukijua.

Hatua ya 4: Masomo kabla ya misuli

Jeshi lina hospitali (Lugalo mnaijua), lina karakana, marubani, mabaharia, wanasheria, wahasibu, bendi. Matangazo mengi hutafuta taaluma kwa majina. Anayetaka urubani au uhandisi asiikimbie Fizikia kidato cha tatu kwa sababu mwalimu wake mkali. Ukifika kwenye kuchagua tahasusi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano na cha sita, PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) ziko upande huo, PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) upande wa tiba. HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) haina ubaya, ila hairuki na ndege.

Fundi aliyeiva kutoka VETA, vyuo vya ufundi stadi, naye ana thamani kubwa kuliko vijana wanavyodhani. Gari la jeshi likiharibika porini halitengenezwi na wimbo.

Na michezo ni mlango wa kweli. Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni aliyeshinda Tokyo Septemba 2025, ni mwanajeshi wa JWTZ, kama alivyokuwa Juma Ikangaa kabla yake.

Hatua ya 5: Ijue JKT kabla ya kuiota

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni mujibu wa sheria: mhitimu wa kidato cha sita huitwa kambini kwa miezi mitatu. Utaratibu huu ulisimama mwaka 1994 ukarudishwa 2013. Ya pili ni kujitolea, mkataba wa miaka miwili, na maombi hupitia ofisi za wilaya na mkoa.

Orodha ya vitu vya kwenda navyo haibadiliki sana. Bukta ya bluu iliyoiva, ya mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini. Fulana ya kijani, raba, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili za bluu bahari, nguo za baridi kwa wanaopangiwa mikoa ya baridi, na nauli ya kwenda na kurudi. Aliyepangiwa Mafinga akaenda bila sweta kwa kuwa kwao ni Tanga, atajuta usiku wa kwanza. Wenye ulemavu unaoonekana wamekuwa wakielekezwa kuripoti Ruvu, kambi yenye miundombinu inayowafaa.

Siku inaanza kwa filimbi kabla ya jua. Mchakamchaka na chenja (nyimbo za kukimbilia), usafi wa hanga (bweni), kwata, darasa, fatiki (kazi za mikono) shambani, foleni ya chakula. Wiki ya kwanza miguu huvimba, ya pili sauti inakauka. Kufikia mwezi wa pili mtoto aliyekuwa akiamshwa na mama yake mara tatu anaamka kabla ya filimbi.

Ila lishikeni hili: JKT haijaahidi ajira. Matangazo yake yenyewe husema kijana akimaliza mkataba anarudi nyumbani. Aprili 2021 vijana 854 waliondolewa kambini, na mkuu wa majeshi wa wakati ule, Jenerali Venance Mabeyo, alieleza kwamba walikuwa wamegoma na kutaka kuandamana hadi Ikulu Chamwino kudai kuajiriwa. Uchungu wao unaeleweka, lakini jeshini mgomo una jina jingine. Ingia JKT ukiwa na jibu la swali hili: nikirudi nyumbani baada ya miaka miwili, nitafanya nini?

Hatua ya 6: Makaratasi, na hasa majina

Nimeiweka mwisho kwa makusudi, maana ndiyo unayoweza kuianza kesho asubuhi.

Chukua cheti cha kuzaliwa, weka kando ya fomu ya usajili wa mtihani. Cheti kinasema Khamis, shule imeandika Hamisi. Cheti kina jina la babu, shule ina jina la ukoo. Tarehe ya kuzaliwa ni 2008 hapa, 2007 pale, kwa sababu mtu fulani aliikisia siku ya kuandikishwa darasa la kwanza. Ukifikisha miaka 18 unakwenda NIDA kuomba kitambulisho cha taifa, unasajiliwa kwa majina ya namna ya tatu. Siku ya usaili afisa anaona watu watatu, na wewe uko mmoja.

Kurekebisha kabla ya mtihani wa kidato cha nne ni kwenda kwa mwalimu wa taaluma na cheti cha kuzaliwa cha RITA mkononi. Baada ya vyeti kutoka ni viapo, mawakili, nauli na miezi ya kusubiri. Kama huna cheti cha kuzaliwa kabisa, acha kusoma hapa, mwambie mzazi leo.

Na jizoeze mwandiko. Matangazo ya JWTZ yamekuwa yakitaka barua iandikwe kwa mkono.

Kuhusu mwili sina mengi: kimbia, lala mapema, usichore tatuu. Ule mchoro mdogo wa kifundoni umewarudisha watu nyumbani.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu Songea. Kuna mtu anajuana na wakubwa, anataka laki tano apitishe jina langu. Baba yuko tayari kuuza ng'ombe.*

Marahaba mwanangu. Mwambie baba ng'ombe abaki zizini. Nafasi hazinunuliwi, na jeshi limetangaza mara nyingi kwamba wanaochukua hela ni matapeli. Halafu tazama: wewe hujafika hata umri wa kuomba. Anapitisha jina gani, kwenye orodha ipi?

*Mwalimu, mimi ni msichana, kidato cha nne. Nyumbani wanasema jeshi litaniharibu, sitaolewa.*

Wanawake wako JWTZ kuanzia wauguzi hadi majenerali, na wana waume na watoto. Masharti ya kuwa bila ndoa na bila mtoto yapo kwenye matangazo ya kuingia, kwa mfano ya Polisi, na hayo yanawahusu wavulana pia. Tafuta mwanajeshi wa kike mtaani kwenu, muombe aje kuzungumza na mama. Maneno yake yatamwingia mama kuliko yangu.

*Mimi ni mama wa kijana wa pekee, Tabora. Nisijifiche, naogopa vita. Tanzania si ina amani?*

Hofu yako ni ya haki, dada, na sitaifuta kwa maneno matamu. Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, mashariki ya Kongo, wakiwa kwenye ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa. Anayevaa sare anaweza kutumwa, na hana uhuru wa kukataa. Mueleze mwanao hivyo hivyo, mezani, kisha umsikilize. Akijibu kwa utani, bado mtoto. Akinyamaza, akafikiri, akarudi kesho na jibu lile lile, mheshimu.

*Nilipata sifuri kidato cha nne mwaka jana. Nina miaka 18. Nimekwisha?*

Hapana. Jisajili urudie kama mtahiniwa wa kujitegemea, na wakati huo huo shika ufundi VETA. Una miaka miwili kabla ya 20. Usisajili masomo kumi, chukua yale unayoweza kufaulu kweli.

*Mwalimu, nikiwa mwanajeshi naruhusiwa siasa? Mimi napenda sana siasa.*

Kura utapiga. Kujiunga na chama, hapana: Katiba, ibara ya 147, inakataza. Kama siasa ndiyo damu yako, utateseka bure. Amua kimoja.

*Navaa miwani. Niseme au nifiche?*

Sema. Vipimo vya afya vitaona, na aliyedanganya anaondoka kwa udanganyifu hata kama macho yenyewe yasingemwondoa. Taaluma za ofisini na za tiba hazitazami macho kama urubani unavyotazama, ila mwenye uamuzi ni daktari wa usaili.

*Niko kidato cha sita. JKT na maombi ya chuo vinagongana. Nisipokuwa na simu kambini nitaombaje mkopo?*

Swali zuri kuliko yote leo. Usitegemee simu kambini. Kabla ya kuondoka: skani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, na vyeti vya vifo vya wazazi kama wapo waliofariki. Fomu zinazohitaji muhuri wa serikali ya mtaa zitafutie muhuri mapema. Tunga nenosiri, liandike kwenye karatasi, mwachie mtu mmoja tu unayemwamini nyumbani pamoja na orodha ya vyuo kwa mpangilio unaoutaka. Mkubaliane kabisa: kozi ya kwanza ikikosekana, achague ipi. Kama ndani ya kambi kutakuwa na huduma ya kuombea vyuo, utaitumia kuhakiki, si kuanza upya.