SOMO: Kuchagua injini ya gemu ya simu (soma lote kabla ya kuuliza)

Swali ni lile lile kila siku: "Wakuu, injini (programu ya kutengenezea gemu) ipi nzuri?" Nimechoka kulijibu vipande vipande, kwa hiyo naliweka hapa lote.

Hatua ya 1. Eleza gemu yako kwa sentensi mbili. Zikikushinda, injini haitakusaidia.

Hatua ya 2. Amua: 2D au 3D? Android tu, au na iPhone? Bila kompyuta ya Mac yenye Xcode (programu ya Apple ya kutengenezea programu za iPhone), iPhone itakukwamisha kwenye injini yoyote.

Hatua ya 3. Chuja. Gemu ndogo ya 2D: Godot au Defold. 3D, au unataka masomo na plagini (nyongeza za kuchomeka kwenye injini) tele: Unity, lugha yake ya kuandikia kodi ni C#. Unreal iache mpaka uwe na sababu ya kuitaka. Defold unaandika kwa lugha ya Lua, na mradi mtupu unatoka na MB chache tu.

Hatua ya 4. Soma leseni. Septemba 2023 Unity walitangaza ada ya kila usakinishaji, watengenezaji wakaja juu, na Septemba 2024 ikafutwa. Unreal wanachukua asilimia 5 gemu ikishavuka mapato ya dola milioni 1. Godot ni chanzo huria (kodi yake iko wazi kwa wote), leseni ya MIT, hudaiwi kitu. Ila usikeshe hapa kupigia hesabu mamilioni ya gemu ambayo haijazaliwa.

Hatua ya 5. Pima kwenye simu dhaifu, KABLA ya kuanza gemu yenyewe.
Hapa ndipo watu wanapoumia, miezi imeshakwenda. Tengeneza mradi mdogo wa majaribio: picha moja inayofuata kidole, sauti moja, na namba ya fremu (mara ambazo skrini inachorwa upya) kwa sekunde pembeni. Weka kwenye simu dhaifu kuliko zote utakazoweza kuazima. Cheza robo saa bila kuacha, ukiishika mgongoni. Simu ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe, ndiyo maana dakika mbili za mwanzo hudanganya. Kisha mwambie mtu akupigie katikati ya mchezo. Pokea, kata, rudi. Sauti imerudi? Mchezo umekusubiri, au umeanza upya?

ONYO: Emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) haihesabiki. Inatumia nguvu za kompyuta yako, si za simu.

ONYO: Godot 4 ina njia tatu za kuchora: Forward+, Mobile na Compatibility. Usidanganyike na jina la Mobile. Hiyo inategemea Vulkan (mfumo mpya wa kuchorea michoro kwenye simu), na simu nyingi za zamani ama hazina Vulkan ama inasumbua. Kwa 2D anza na Compatibility, inayotumia OpenGL ES 3.0, mfumo wa zamani zaidi. Ukihama njia gemu ikiwa nusu, mwanga na rangi vinaweza kutoka tofauti, na utaanza kurekebisha picha moja moja.

Hatua ya 6. Hakikisha plagini za matangazo na malipo zipo na bado zinasasishwa.

Hatua ya 7. Faili ya ufunguo wa kusaini gemu (unaothibitisha kuwa gemu ni yako) ihifadhi sehemu mbili.

MASWALI

Swali: Mkuu, kwa hiyo ipi nzuri?
Jibu: Hatua ya 1.

Swali: Unity inagoma kwenye laptopu yangu, msaada tafadhali.
Jibu: Inagomaje? RAM kiasi gani? Gemu ya aina gani? Kama mashine ni ndogo na gemu ni ya 2D, jibu liko hatua ya 3.

Swali: Naona unaiponda Unity. Pokémon GO imetengenezwa na nini?
Jibu: Unity, na timu nzima nyuma yake. Sijaiponda, nimesema lini uitumie. Rudia kusoma.

Swali: Nikijifunza GDScript (lugha ya Godot) halafu nikahamia C#, si nitaanza upya?
Jibu: Swali zuri, dada. Utabadilisha sintaksia (namna ya kuandika kodi), mantiki utakwenda nayo. Mfano: ukimsogeza mhusika pikseli 5 kila fremu, kwenye simu ya fremu 120 atakimbia mara mbili ya kwenye simu ya fremu 60. Dawa ni kuzidisha mwendo kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Godot wanauita delta, Unity deltaTime, ni kitu kile kile. C# hata Godot ipo, ila kwa Godot 4 kutoa gemu ya C# kwenda Android kulianza toleo la 4.2, tena kwa majaribio. Kwa simu, GDScript ni salama zaidi.

Swali: Play Store wamekataa APK (faili ya kusakinisha) ya gemu yangu.
Jibu: Tangu Agosti 2021 gemu mpya hupokelewa kwa AAB, faili ya aina nyingine, si APK. Na kama akaunti yako ni binafsi, iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023, utatakiwa kuwa na watu 12 wa kuijaribu gemu kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuichapisha. Anza kuwatafuta sasa.

Mwanachama: Naongezea: jina la kifurushi, lile linaloanza na com, halibadiliki ukishachapisha. Msiache la mfano lililokuja na injini.
Jibu: Hilo nilisahau, asante mkuu. Naliweka hatua ya 7.