Linia ya redio ya CB: namna ya kuichagua na kuisukuma bila kuichoma

Linia ni boksi linalokaa kati ya redio na antena na kuongeza nguvu ya kurusha, na CB ni redio ya mawasiliano ya watu wa kawaida kwenye 27 MHz. Tuanze na sheria, maana hiyo ndo inaamua kama unasoma ili ununue ama unasoma ili ujue tu. Hapa Uganda masafa yote yako chini ya UCC, tume ya mawasiliano, na kurusha mawimbi kunataka ruhusa yao. Nchi nyingi CB imewekewa wati 4 kwa AM na wati 12 za kilele kwa SSB (hizo ni njia mbili za kubeba sauti kwenye wimbi, na kilele ni nguvu ya juu kabisa unapoongea), na Marekani kwenyewe ambako CB ilianzia linia ni marufuku kwenye zile chaneli 40. Mwenye leseni ya redio ya ridhaa, wale wanaorusha kwa kupenda tu na alama zao za kuitana zinaanza na 5X, yeye anaweza kutumia mashine za namna hii kwenye mita 10, yaani kuanzia 28 MHz, kwa nguvu aliyoruhusiwa. Kwa hiyo ndugu yangu pita UCC kwanza, karatasi iwe mkononi, halafu tuongee wati.

Sasa, unaihitaji kweli? Watu wanadhani ukitoka wati 4 kwenda 100 utafika mbali mara 25, hapana. Hiyo ni desibeli 14, sindano ya anayekupokea inapanda pointi mbili na kidogo, basi, na wewe masikio yako yako palepale, unaita mpaka Mukono, watu wanaitika na wewe husikii kitu. Antena nzuri inakusaidia kusema na kusikia pia. Wimbi la 27 MHz lina mita 11, robo yake ni mita 2.7 hivi, sasa kale kafimbo kafupi ka sumaku juu ya kabini unategemea kafanye nini? Mtu akiniletea hamu ya linia mimi naangalia antena kwanza, tunaiinua, tunakwangua rangi pale earth inaposhika bodi, na wengi hamu inaishia hapo.

Kama bado unataka, usiamini namba iliyoandikwa juu ya boksi. Angalia fyuzi. Boksi linasema wati 200 lakini fyuzi yake ni ampea 10, piga hesabu: 10 mara 13.8 ni wati 138 zinazoingia, na linia ya kawaida inatoa karibu nusu ya inachokula, nyingine inakuwa joto, kwa hiyo hapo una kama wati 70, hizo 200 ni za mdomo. Halafu uliza ni wati za kilele ama za AM bila sauti, kwa sababu kilele cha AM ni mara nne, linia ya kweli ya wati 100 za kilele inatakiwa ikupe wati 25 tu ukibonyeza bila kuongea. Zile za valvu achana nazo kama hujafundishwa, ndani mna mamia ya volti, nyingine zinapita elfu, na kapasita zinabaki na moto hata ukishachomoa stima, zinaua.

Kitu kingine ni kichujio cha kutokea, kinachozuia masafa yasiyo yako yasifike kwenye antena. Linia za bei ya chini nyingi hazina. Linia chafu inarusha pia marudio ya masafa yako, mara mbili, mara tatu, mara nne, na chaneli ya 1 ni 26.965 MHz, zidisha kwa nne unapata 107.86, chaneli ya 40 unapata 109.62. FM inaishia 108, na kuanzia 108 hadi 112 ni masafa ambayo ndege hutumia kujiongoza wakati wa kushuka uwanjani. Hili mimi silifanyii mchezo hata kidogo. Hakuna kichujio, hakuna linia.

Umeme sasa, hasa nyinyi wa malori. Trela nyingi ni volti 24, linia ya 12 ukiichomeka pale imekwisha siku hiyohiyo. Na usiibie kwenye betri moja kati ya mbili, kila fundi wa barabarani anapenda hiyo njia, betri moja inachoka mwenzake anachajiwa kupita kiasi zote zinakufa. Nunua kipunguzi cha 24 kwenda 13.8 chenye uwezo kuzidi ampea za linia. Waya toa moja kwa moja kwenye chanzo, fyuzi iwe karibu na betri, tena kwenye waya mzito. Linia ya wati 100 inakula kama ampea 15, ukitumia waya wa milimita za mraba 2.5 kwa mita 4 kwenda na 4 kurudi unapoteza volti 0.8 njiani, wa 10 unapoteza 0.2 tu. Ukienda soko la Kisekka, Kampala, kununua huo waya kwaruza nyuzi zake kwa kisu kabla ya kulipa, ukiona weupe ndani hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha.

Kuisukuma ndo mahali zinapokufa. Linia haina akili, inakuza chochote unacholeta. Soma inapokea wati ngapi mwisho. Tuseme ni 10 za kilele: redio yako ya AM ya wati 4 ukiongea inapiga kilele cha 16, umeshapita. Shusha redio mpaka wati 2 bila sauti, kilele kiwe 8, hapo inapumua. Maiki za kuongeza nguvu na za mwangwi toa kabisa.

Kabla ya kuwasha weka mita ya SWR, ile inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudishwa na antena badala ya kutoka, kati ya linia na antena, linia ikiwa imezimwa, pima chaneli 1, 20 na 40. Chini ya 1.5 safi, ikifika 2 simama urekebishe antena, usiseme nitarekebisha baadaye maana transista hazikusubiri. Kisha washa linia kwenye nguvu ya chini, bonyeza sekunde chache, pima tena, angalia na volti pale pale kwenye nyaya za linia. Ongea huku unaangalia sindano ya wati: inatakiwa iruke mbele. Ikirudi nyuma ukiongea, unaisukuma kupita kiasi ama umeme hautoshi. Mwambie mwenzako akae chaneli mbili tatu pembeni, akisikia mikwaruzo yako huko shusha tena. Kwa SSB weka swichi yake kwenye SSB, bila hivyo rilei, ile swichi ya ndani ya linia, inagonga kila neno mpaka inaungua. Usizime wala kuwasha linia ukiwa umebonyeza maiki.

Antena isiguswe wakati wa kurusha, inachoma ngozi kweli, taniboi akiwa juu anafunga turubai usibonyeze. Kwa walio nyumbani, na huku kwetu karibu na ziwa radi haziishi, chomoa waya wa antena wingu likianza kujikusanya, utoe nje kabisa. Na pampu ya mafuta ama ukiwa nyuma ya tanki kwenye foleni ya Malaba, linia inazimwa na maiki inaning'inizwa mpaka mpite.