SOMO: Kupata neno la Kiingereza la herufi tano ukiwa na herufi chache tu

Kila jioni kwenye kundi letu hapa Tanga naulizwa lile lile: "Mwalimu, nipe neno la herufi tano lenye A na R." Nikimjibu huyu, kesho anakuja mwingine na E na L. Nimeona niandike somo zima mara moja. Mifano ni ya Wordle, mchezo wa mtandaoni ambamo una majaribio sita ya kupata neno moja. Kila ukijaribu, herufi iliyo mahali pake inakuwa kijani, iliyomo lakini si hapo inakuwa njano, na isiyomo, kwa kawaida, kijivu. Lakini njia hii inafaa pia kwa fumbo la maneno la gazetini.

Hatua ya 1. Chukua karatasi, chora vistari vitano.

Hatua ya 2. Herufi ya kijani iandike juu ya kistari chake.

Hatua ya 3. Herufi ya njano iandike chini ya kistari ulipoiweka, kisha ikate. Ina habari mbili: imo kwenye neno, na haikai hapo. Wengi hukumbuka ya kwanza tu.

Hatua ya 4. Hamisha herufi, usisubiri neno likujie. Tuseme umejaribu CRANE. A imekuwa kijani katikati, R njano, na C, N na E kijivu. R haiwezi kuwa ya pili, na nafasi ya tatu ina mwenyewe. Imebaki ya kwanza, ya nne au ya tano. Ikiwa ya kwanza unapata ROAST. Ya nne inakupa START, SHARP, GUARD, BOARD. Ya tano, STAIR na FLAIR. Dakika moja tu na tayari una maneno saba, bila kubahatisha.

Hatua ya 5. Angalia mwisho wa neno. Sisi tumezoea neno kuishia na irabu, kwa hiyo akili inakimbilia huko. Kiingereza kinapenda kufunga kwa CH, CK, ND, ST, GHT. Zijaribu hizo kwanza, pamoja na E na Y. V mwishoni ni adimu sana, karibu kila mara hufuatwa na E, kama GIVE na LEAVE.

Hatua ya 6. Herufi inayojirudia. Soma hapa polepole, maana hapa ndipo watu wanapopoteza mchezo waliokuwa wameshaushinda. Umejaribu LEVEL. L ya kwanza imekuwa kijivu, E ya kwanza njano, V kijivu, E ya pili kijani, L ya mwisho kijani. Mtu akiona ile L ya kijivu anaifuta L kabisa, au anadhani mchezo umeharibika. Haujaharibika. Kijivu na kijani kwenye herufi moja maana yake neno lina L moja tu, nayo ndiyo hiyo ya mwisho. E zote mbili zimepata rangi, basi neno lina E mbili: moja ni ya nne, na nyingine si ya pili, hivyo ni ya kwanza au ya tatu. Ya tatu inakupa STEEL, WHEEL, KNEEL. Ya kwanza inakupa EASEL.

Tahadhari: usifute herufi ya kijivu kabla hujahakikisha haina mwenzake mwenye rangi kwenye mstari huo huo. Tahadhari ya pili: herufi ikiwa kijani mara moja, hiyo haikuambii kwamba iko moja tu. Kama hukuiweka mara mbili, hujaambiwa lolote kuhusu ya pili.

Hatua ya 7. Mtego wa IGHT. Una herufi nne za kijani, imebaki ya mwanzo: FIGHT, LIGHT, MIGHT, NIGHT, RIGHT, SIGHT, TIGHT, EIGHT. Maneno manane yanayotumika sana, na umebakiwa na majaribio matatu. Usiyafuate moja moja. Andika FILMS, ingawa unajua si jibu. Linapima F, L, M na S kwa pamoja. Zote zikikataliwa, andika TREND. T ikiwa kijani ni TIGHT. Ikiwa njano, angalia kati ya R, E na N ipi imepata rangi. Jaribio la tatu unaandika jibu kwa uhakika. Ila ukiwa umewasha ile hali ngumu inayokulazimisha kutumia kila dokezo, njia hii haitakubaliwa.

MASWALI

Kijana wa Makorora: Mwl nipe neno la herufi 5 lina O na U, haraka

Jibu: Ziko nafasi ipi? Zipi zimekataliwa?

Kijana wa Makorora: Somo refu mwl, we nipe tu

Jibu: ABOUT, HOUSE, MOUTH, YOUNG, GROUP, na mengine mengi. Sijui lako ni lipi, na bila nafasi hakuna anayeweza kujua. Hatua ya 2 na ya 3, kisha rudi.

Mama Muheza: Shikamoo mwalimu. Nimejaribu A, E, I, O, U, zote kijivu. Kuna neno la Kiingereza lisilo na irabu?

Jibu: Marahaba mama, swali zuri sana. Tafuta Y, inafanya kazi ya irabu: CRYPT, LYMPH, NYMPH, TRYST. Inaweza hata kuja mara mbili, kama PYGMY. Ukishaona irabu tano zimekataliwa, furahi, maana maneno yaliyobaki ni machache mno.

Mama Muheza: Ahsante. Na mbona jana mjukuu alikataliwa FAVOUR?

Jibu: Hilo lina herufi sita, halitoshei vistari vitano. Shuleni kwetu tunafundishwa tahajia ya Uingereza, Wordle inafuata ya Marekani: FAVOR, HUMOR, COLOR. Mwambie pia FIBER na METER.

Fundi Simu Chumbageni: Programu za kutafuta maneno zipo. Karatasi ya nini?

Jibu: Zipo, na sijamkataza mtu. Ingia tovuti ya OneLook, andika alama ya kuuliza kwa kila nafasi usiyoijua. ?EA?T italeta HEART, BEAST, FEAST, YEAST, MEANT. Lakini ukiingiza nafasi zisizo sahihi utaletewa orodha isiyo sahihi. Ile L ya LEVEL lazima uielewe mwenyewe kwanza.

Ustadh wa Ngamiani: Naam mwalimu. Sisi barazani tunacheza Scrabble, ule mchezo wa kupanga kete za herufi ziwe maneno ya Kiingereza. Nikishika Q bila U, pointi 10 zinaniozea mkononi.

Jibu: Ustadh, wewe hasa ndiye wa kuitumia. Kwenye orodha ya Collins, ile ya mashindano ya dunia, yamo FAQIR, TALAQ na QADI, maneno unayoyajua tangu chuoni. La kuokoa zaidi ni QI, kwa kuwa linahitaji I moja tu.

Ustadh wa Ngamiani: Maashallah. Na HAJJ?

Jibu: Linakubaliwa, ila mfuko mzima una J moja. Ya pili itabidi iwe kete tupu, ile isiyo na herufi inayosimama badala ya yoyote, na kete tupu haina pointi. Tumia HADJ au HAJ, na ukiwa na I, HAJI nalo limo.