Somo: Kuandaa maandishi ili AI itoe majibu sahihi

Chatboti inayojibu kutokana na nyaraka zenu kwa kawaida haisomi ukurasa mzima. Nyaraka hukatwa vipande, mara nyingi vya maneno mia chache. Mtu akiuliza, mfumo huokota vipande vichache vinavyokaribiana kimaana na swali, na modeli (programu ya AI inayotunga jibu) hutegemea vipande hivyo kujibu. Ndiyo maana kila aya lazima ijitosheleze.

Hatua ya 1. Kusanya maswali 20 hivi ya watumiaji, kwa maneno yao wenyewe, na uandike jibu sahihi la kila moja.

Hatua ya 2. Vichwa vidogo vitaje jambo lenyewe. "Maelezo zaidi" hakisaidii chochote. "Muda wa kurudisha bidhaa ya ofa" kinasaidia. Tumia mtindo wa kichwa uliomo kwenye programu, usikoleze wino tu, kwa kuwa mifumo mingi hukata kwa kufuata alama za vichwa.

Hatua ya 3. Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Soma aya hii:

"Hii haihusu bidhaa za ofa. Kwa hizo, muda ni nusu ya uliotajwa hapo juu."

Ikibaki peke yake, "hii" ni ipi? Nusu ya siku ngapi? Mara nyingi modeli haisemi kwamba haijui. Hutaja idadi ya kubuni kwa lugha ya uhakika. Andika hivi:

"Bidhaa ya ofa inarudishwa ndani ya siku 7 tangu mteja alipoipokea. Bidhaa ya bei ya kawaida inarudishwa ndani ya siku 14."

Usiogope kurudia majina. Kanuni na "isipokuwa" yake zikae aya moja, la sivyo mteja ataambiwa kanuni bila mipaka yake.

Hatua ya 4. Kitu kimoja, jina moja, kurasa zote.

Hatua ya 5. Ondoa matoleo ya zamani kwenye hazina inayosomwa na mfumo. Kuandika "imepitwa na wakati" juu ya ukurasa hakutoshi: onyo hubaki kipande cha kwanza, kanuni mfu ikaokotwa kutoka cha tano.

Hatua ya 6. Uliza yale maswali 20. Jibu likikosewa, tazama kwanza vipande vilivyookotwa. Kipande sahihi hakimo? Rekebisha kichwa na msamiati. Kimo lakini jibu ni baya? Aya ina utata, au kipande kingine kinaipinga.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Tukiongeza ukubwa wa vipande, si tatizo litaisha?
Jibu: Litapungua upande mmoja na kuzuka upande mwingine. Kipande kirefu hubeba mada nyingi, hivyo hakilingani vizuri na swali lolote.

Swali: Majedwali yetu ni picha. Yanasomeka?
Jibu: Usitegemee hilo. Yaandike upya kama maandishi, bila seli zilizounganishwa, na kila safu mlalo itaje bidhaa na kipimo chake. Jedwali refu ligawe, kisha urudie vichwa vya safu wima katika kila sehemu.

Swali: PDF ya safu wima mbili?
Jibu: Toa maandishi yake uyasome kwa macho. Mara nyingi mstari wa kushoto huunganishwa na wa kulia. Ukikuta hivyo, rudi kwenye faili la asili, lipange kwa safu wima moja.