Kuigiza ugomvi wa Mfalme Henry II wa Uingereza na Askofu Mkuu Thomas Becket wa Canterbury: mwongozo kwa vikundi vya vijana wa parokia, Bukavu

Vikundi vingi vikishika kisa hiki vinakimbilia mauaji ya Becket, kwa sababu hapo ndipo panga zinatoka. Watazamaji wanaona mfalme mbaya na askofu mwema, wanarudi nyumbani bila kujua wale wawili waligombania nini. Anzeni na kesi. Swali lilikuwa hili: mtu wa Kanisa akiua, nani amhukumu?

Kanoni mmoja wa Bedford, Philip de Broi, alishitakiwa kuua askari. Akaapa mbele ya mahakama ya askofu, akaachiwa. Mwaka 1163 hakimu wa mfalme alipotaka kuifufua kesi, Philip akamtukana. Lipeni jambo hili dakika 10 nzima. Mahakama ya Kanisa haikuruhusiwa kumwaga damu, na adhabu yake iliyoogopwa zaidi ilikuwa kumvua mkosaji daraja takatifu, yaani cheo chake cha Kanisa. Henry alitaka mtu akishavuliwa aletwe kwake, aadhibiwe kama raia yeyote. Becket akajibu kwamba Mungu hahukumu kosa moja mara mbili. Mchezaji wa Henry aseme maneno yake taratibu, kama baba anayedai haki ya marehemu. Akianza kwa kufoka, watu wanaacha kumsikiliza, na kuanzia hapo mchezo hauna mizani tena.

Wachezaji 14 wanatosha: Henry, Becket, Askofu Gilbert Foliot wa London, Askofu Mkuu Roger wa York, Mfalme Louis VII wa Ufaransa, askari wanne wapanda farasi, Edward Grim (kleri aliyeshuhudia mauaji), na watawa wanne. Philip na hakimu wachezwe na wawili kati ya watawa. Mchezo usizidi dakika 75.

Onyesho la pili ni Clarendon, Januari 1164, ambako Henry aliwataka maaskofu wakubali kwa maandishi desturi za ufalme juu ya Kanisa, na hapa kifaa kikubwa ni karatasi. Vifungu 16 vya mfalme viliandikwa mara tatu kwenye ngozi moja, kisha ikakatwa: sehemu moja ya Becket, moja ya York, ya tatu ikabaki kwa mfalme. Chukueni karatasi ya kahawia ya kufungia vitu, urefu sentimita 90, upana 30. Iloweshwe dakika 5 katika chai nyeusi iliyopoa, isiyo na sukari (ya sukari inaita sisimizi), ianikwe juu ya meza, si kwenye kamba, maana itachanika. Ikishakauka ndiyo muandike. Wino ukitangulia chai, maandishi yote yanatoka. Kati ya nakala na nakala andikeni neno CHIROGRAPHUM kwa herufi kubwa, na siku ya mchezo Henry apitishe mkasi katikati ya neno hilo, kwa mstari wa kupindapinda. Vipande vikiunganishwa, meno yanaingiana: ndivyo walivyotambua karatasi ya uongo. Mkasi usikike ukumbi mzima. Becket alikuwa amekubali kwa mdomo, ila alikataa kutia muhuri. Kwa hiyo nta nyekundu iwe tayari mezani, kipande cha karatasi kiwe mkononi mwake, na mkono wake usiifikie ile nta.

Northampton, Oktoba 1164, ambako mfalme alimshitaki Becket, inahitaji msalaba. Kwa desturi askofu mkuu hubebewa msalaba mbele yake. Siku ile Becket aliubeba mwenyewe, na Foliot akajaribu kumpokonya. Tumieni mwanzi mkavu wa mita 2. Mti wa mkaratusi ni mzito, utamfanya mchezaji ainame kama mzee, na Becket hapa anapaswa kuingia wima.

Becket akakimbia. Uhamisho wake wa Ufaransa, Pontigny halafu Sens, upiteni haraka kwa msimulizi. Msiruke tarehe 14 Juni 1170: Roger wa York alimtawaza mtoto wa Henry, ilhali haki ya kutawaza ilikuwa ya Canterbury. Bila tendo hilo, hakuna atakayeelewa kwa nini Becket alirudi akiwa ameadhibu maaskofu wenzake. Walipatana Fréteval Julai 1170, lakini mfalme alikataa kumpa busu la amani. Henry amkaribie, asimame hatua moja mbele yake, ageuke. Inatosha.

Mauaji ni ya tarehe 29 Desemba 1170, saa ya Masifu ya Jioni. Ile sentensi maarufu ya mfalme ya kutaka aondolewe padiri msumbufu, iacheni. Grim, aliyekuwa ndani ya kanisa, hakuiandika. Aliandika lalamiko refu la mfalme dhidi ya watu aliowalea, wanaoacha bwana wao adharauliwe na kleri wa ukoo mdogo. Lalamiko hilo ni zito zaidi, kwa kuwa halina amri ndani yake.

Askari wanne waliosikia lalamiko hilo walikwenda Canterbury, wakaingia kwa Becket kwanza bila silaha, wakabishana naye, wakatoka kwenda kuzichukua. Watawa wakamvuta Becket hadi kanisani; yeye akakataza milango isifungwe. Upanga wa Richard le Breton, mmoja wa askari hao, ulivunjika ncha sakafuni, na hilo linaigizika: upanga wa mbao wa sentimita 80, sentimita 10 za mwisho zikatwe, zirudishiwe kwa gundi ya unga wa ngano, na uzi wa sentimita 30 upite ndani ya vipande vyote viwili. Pasipo uzi, ncha inarukia watu. Damu iwe kitambaa chekundu kinachotolewa kwenye mkono wa kanzu. Rangi inateleza sakafuni, na kwenye nguo mlizoazima haitoki.

Chini ya joho Becket alikuwa amevaa nguo ya manyoya makali, na watawa waliigundua baada ya kifo. Gunia la maharage lililofuliwa linafaa. Mchezaji avae shati la pamba ndani, vinginevyo atajikuna mbele ya watu. Mitra ya kartoni isizidi sentimita 25: za wakati ule zilikuwa fupi. Mavazi halisi ya misa yabaki sakristia.

Askari wenu wasivae kamwe nguo za kijeshi za leo, hata kofia. Mji huu ulimpoteza Askofu Mkuu Munzihirwa, aliyeuawa tarehe 29 Oktoba 1996, na mwaka 2000 Askofu Mkuu Kataliko alipelekwa uhamishoni Butembo. Msitaje majina hayo jukwaani. Watu wazima watayafikia wenyewe kabla ya onyesho la tatu. Lakini kabla ya kuanza, msimulizi atangaze kwamba mlango utagongwa kwa nguvu na kutakuwa na kelele, ili mwenye kidonda akae karibu na mlango wa kutokea.

Mkiigiza tarehe 29 Desemba yenyewe, sikukuu ya Mtakatifu Thomas, mko katikati ya mvua. Ikipiga mabati, hakuna sauti itakayoishinda. Simameni palepale mlipo, bila kusema, mpaka ipungue.

Onyesho la mwisho ni Julai 12, 1174, Henry alipofanya toba kwenye kaburi la Becket, Canterbury. Henry aingie peku kupitia kati ya watazamaji. Kila askofu alimchapa mara 5, kila mtawa mara 3. Fimbo ipige godoro nyuma ya pazia, naye atikise mabega tu, dakika 2 hivi. Halafu abaki amelala kando ya kaburi, maana alikesha pale bila kula. Taa zizimwe moja moja, ya mwisho iwe mshumaa wa kaburini, nao uzimwe na mtawa, si na Henry.