Kamera haijui nyeupe: kupima waiti balansi ukiwa ndani ya nyumba

"Singo tulishamwosha tangu juzi. Hii manjano imetoka wapi?"

Ndivyo alivyoniuliza mama wa bibi harusi mmoja wa Chake Chake nilipompelekea picha za mwanawe, akidhani nalaumu singo, ule msugo anaopakwa bibi harusi. Nilimpiga chumbani kwao, balbu moja ya zamani, ile yenye waya ndani, ikining'inia katikati ya dari, kuta zimepakwa kijani, na kamera nimeiacha kwenye AWB, yaani waiti balansi ya otomatiki, ijitafutie nyeupe yenyewe. Uso manjano, shela manjano, hina iliyochorwa kwa saa nne nzima imekuwa rangi ya matope. Nilipiga JPEG tupu, faili ambalo kamera imeshalipangia rangi. Nilikesha siku mbili kwenye kompyuta. Shela ikarudi nyeupe, ngozi ikawa ya kijivu kama ya maiti, na hela ya picha nikakatwa nusu. Sikubisha.

Somo hili basi ni la kamera. Lile somo jengine la bibi harusi waulizeni wenyewe.

Ukiingia kwenye chumba chenye balbu kama ile, baada ya dakika mbili shuka unaiona nyeupe, maana unajua ni nyeupe. Kamera haina habari na shuka. Inachokiona ni mwanga uliorudi, na mwanga una rangi yake, tunayoihesabu kwa Kelvini. Mshumaa ni kama 1,900. Balbu ya waya ni 2,700 hivi. Jua la mchana ni baina ya 5,200 na 5,500, na kivulini inapanda hadi 7,000 na zaidi. Namba ndogo ni wekundu na manjano, namba kubwa ni ubuluu. Taa za LED zimeandikwa kwenye boksi: 3,000 zile za manjano, 6,500 zile nyeupe kali ambazo siku hizi ziko kila duka.

AWB inakisia, na ukisiaji wake una mipaka. Kwenye kamera nyingi za Canon, kitabu chake kinataja 3,000 hadi 7,000. Balbu ya Chake ilikuwa chini ya hapo, kwa hiyo manjano ilibaki. Halafu ukuta wa kijani au kanga nyekundu iliyojaa fremu nayo huichanganya, ikadhani ile ndiyo rangi ya taa. Dawa ni kuionyesha kamera kitu cheupe chini ya taa ile ile na kuiambia: hii ndiyo nyeupe, jipange. Huko ndiko kupima waiti balansi, kwa kifupi WB.

Cha kuionyesha

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kanzu na shela usitumie. Sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha, na wengi wetu tunaongeza bulu kwenye suuza ya mwisho. Kitambaa hicho kina ubuluu ndani yake hata kama jicho linakisifia. Kamera ikidanganywa kwamba ubuluu ule ni weupe, itauondoa kwa kumwaga manjano kwenye picha nzima. Karatasi ya printa ina dawa hiyo hiyo, ila haizidi sana. Kama huna chengine, itumie. Kurasa za daftari la bei nafuu mara nyingi zina rangi ya krimu. Ukuta wa chokaa, ule mweupe wa nyumba za mawe, unaonekana unafaa lakini ukishakaa miaka hubadilika rangi, na huchukua rangi ya chochote kilicho mbele yake.

Kizuri kuliko vyote ni kadi ya kijivu, ile inayorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ndiyo, kijivu. Kamera haitaki weupe hasa, inataka kitu kisichoegemea rangi yoyote, na kijivu kina faida kwamba hakiungui kirahisi ukizidisha mwanga. Yangu nimeitia kwenye mkoba wa plastiki kwa sababu ya jasho la mikono na vumbi.

Hatua zenyewe

Kwanza washa taa zitakazotumika na zima zisizotumika. Kama dirisha liko wazi na taa inawaka, chagua moja. Mchana mimi huzima taa na kumsogeza mtu dirishani. Usiku suala halipo. Jihadhari na nyumba za Mji Mkongwe zenye vioo vya rangi juu ya milango na madirisha: doa jekundu au la kijani likianguka shavuni, hakuna kipimo kitakacholiondoa. Mhamishe mtu.

Pili, weka kadi pale utakapokuwa uso wa mtu. Si mkononi mwako karibu na lenzi, si juu ya kitanda. Mwambie mwenyewe aishike chini ya kidevu, iangalie taa inayommulika. Nimewaona watu wanapima mlangoni kisha wanaenda kupiga kitandani, mita nne mbele, chini ya taa nyengine.

Tatu, fokasi iweke MF (ya mkono), maana kwenye kadi tupu kamera itahangaika bila kushika chochote. Kutoonekana vizuri hakudhuru. Flashi zima, isipokuwa kama utapiga nayo.

Nne, sogea mpaka kadi ijae katikati ya fremu, kivuli chako kisiiangukie, kisha piga. Ikitoka nyeupe iliyoungua, au nyeusi, rudia.

Tano inategemea kamera. Kwenye Canon picha uliyopiga bado haijafanya kitu: ingia kwenye menyu ya waiti balansi ya kupima mwenyewe, chagua picha ile, kubali, halafu rudi kwenye orodha ya WB ukachague alama ya pembetatu mbili na mraba. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Mtu anapima vizuri kisha anabaki kwenye AWB na kulalamika kwamba somo halifai. Kwenye Nikon kubwa, shika kitufe cha WB na chagua PRE (kupima mwenyewe), achia kitufe cha WB, kibonye tena na ukishikilie mpaka PRE ianze kuwaka na kuzima, ndipo upige kadi. Ikiandika Gd imekubali. Ikiandika no Gd, mwanga haukutosha au umezidi. Nikon ndogo hufanya hivyo kupitia menyu. Kwenye Sony unalenga kiduara cha katikati na kubonya, basi.

Rudisha fokasi kwenye AF (ya otomatiki). Nimeshapiga picha ishirini na kitu za ukungu kwa kusahau.

Ukihama chumba, pima tena. Na ukimaliza kazi rudisha AWB, la sivyo kesho asubuhi Forodhani bahari na watu wote watakuwa buluu.

Masuali ya wanachama

Kijana wa Wete: Ahsante, dada. Sasa kumbini, taa za jukwaa zinabadilika kila sekunde, zambarau, kijani, buluu. Nipime ipi?

Usipime hata moja. Taa ya zambarau haina rangi za kutosha ndani yake; hata ukipima, ngozi haitapatikana. Mimi hupiga kwa flashi, WB naiweka kwenye alama ya flashi au Kelvini 5,500. Maharusi wanatoka na rangi zao na nyuma yao zambarau inabaki, ndiyo harusi yenyewe. Ikiwezekana zungumza na mtu wa taa mapema, akupe taa nyeupe dakika tano maharusi wanapokaa.

Mzee wa Studio: Mwanangu, mimi napiga picha za pasipoti chini ya tyubu mbili. Nimepima kama ulivyosema. Picha moja nzuri, inayofuata ina ukijani, ya tatu nzuri tena. Kamera mbovu?

Shikamoo mzee wangu. Kamera nzima. Umeme wetu ni wa hezi 50, na tyubu hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, rangi yake ikibadilika kila inaposhuka. Ukipiga kwa spidi ya 1/500 ya sekunde, kila picha unaikamata taa katika hali yake. Shusha spidi iwe 1/100 au 1/50, na kadi pia uipime kwa spidi hiyo hiyo. Ukuta wa nyuma ukiwa wa rangi, mteja asiuegemee.

Ummu Salma: Shoga, si nipige RAW tu, faili ghafi lisilopangiwa rangi, nije nirekebishe nyumbani?

Unaweza, na RAW mimi napiga siku hizi. Lakini bado napiga kadi mwanzo wa kila chumba. Nyumbani nabonya kadi mara moja, picha mia mbili za chumba kile zinanyooka. Bila kadi utakuwa unakisia weupe wa shela usiku wa manane, macho yameshachoka. Na mama wa bibi harusi anataka kuona kwenye kioo cha kamera pale pale.

Kijana wa Wete: Nimejaribu kuweka Kelvini mwenyewe. Chumba kina manjano, nikaweka namba kubwa nipate ubuluu. Imezidi manjano!

Hilo linatuchanganya sote. Namba unayoiweka si rangi unayoitaka. Unaiambia kamera taa ilivyo. Ukisema 7,000, inaamini taa ni ya buluu, inaongeza manjano. Kwa balbu ya waya weka 2,800.

Mpiga wa Makunduchi: Natumia simu tu.

Tafuta hali ya Pro kwenye kamera ya simu, kama ipo. Shikilia karatasi mahali pa uso, sogeza WB mpaka karatasi ionekane haina rangi, kisha iondoe na upige bila kugusa tena.

Mzee wa Studio: Na umeme ukishuka, taa zinafifia, halafu wanawasha jenereta?

Balbu ya waya ikififia huzidi wekundu, kwa hiyo kipimo cha mwanzo kimeshakufa. LED nyingi hazibadiliki sana. Jenereta ikiwashwa mara nyingi watu huwasha taa chache tu, tena si zile za mwanzo. Mimi, zikizimika, kadi huwa naitoa mkobani gizani, ziwake imeshakuwa kidevuni mwa mtu.